Mguu wa Kushoto

Dereva wa bodaboda anayetoka Mbagala kuelekea Kariakoo hukanyaga gia kwa mguu wa kushoto, na hana habari kwamba mguu huo unatii kanuni iliyotungwa Washington. Serikali ya Marekani iliagiza kwamba pikipiki yoyote itakayoundwa kuanzia tarehe 1 Septemba 1974 kwa ajili ya kuuzwa nchini humo iwe na gia upande wa kushoto na breki ya nyuma upande wa kulia. Wajapani walikuwa wameshazoea hivyo, kwa hiyo hawakusumbuka. Waingereza walisumbuka sana. Sisi tulipokea matokeo tu. Bodaboda zilipoanza kumiminika mitaani mwetu, ubishi ulikuwa umekwisha zamani viwandani, na leo kijana wa miaka ishirini anaamini kwamba gia kukaa kushoto ni jambo la maumbile.

Ukirudi nyuma miaka mia moja na kitu utaikuta gia hiyo ikihamahama. Ilikaa kando ya tangi la mafuta, ikashuka mguuni, kwa hawa mguu wa kulia na kwa wale wa kushoto, kwa hawa ya kwanza juu na kwa wale ya kwanza chini. Sasa imeanza kupanda tena mkononi. Kila ilipohama palikuwa na sababu, na mara nyingi sababu hiyo ilikuwa mtu. Mchoraji aliyeinamia karatasi yake alikuwa na mtu fulani akilini: amevaa viatu gani, ameshika nini mkononi, anaijua injini kiasi gani, anaogopa nini. Siku hizi nikiuona wenzo wa gia siachi kumtafuta mtu huyo.

Pikipiki ya Hildebrand & Wolfmüller, iliyotoka Munich mwaka 1894 na ambayo huhesabiwa kuwa ya kwanza kuundwa kwa mfululizo na kuuzwa, haikuwa na gia kabisa. Fimbo za pistoni zilizungusha gurudumu la nyuma moja kwa moja. Gurudumu likisimama, injini nayo imesimama. Nyingi zilizofuata zilitumia mkanda kutoka injini hadi gurudumu, na penye kilima mwenye pikipiki alipiga pedeli kuisaidia, au alishuka akasukuma. Gia zilipokuja, baadhi zilitoka kwa watu wa baiskeli. Sturmey-Archer ya Nottingham, jina ambalo wazee wetu walilisoma kwenye kitovu cha gurudumu la baiskeli za Raleigh, ndiyo iliyotengeneza giaboksi ya spidi tatu ya Triumph Model H, pikipiki ya mwaka 1915 iliyobeba matarishi wa jeshi la Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza.

Wenzo wa pikipiki za namna hiyo ulikaa kando ya tangi. Dereva aliuachia usukani kwa mkono mmoja, akausogeza wenzo mbele au nyuma mpaka alipohisi umekaa penyewe, na akikosea kidogo, meno yalilia. Wamarekani waliupeleka utaratibu huu mbali zaidi. Kwenye Harley-Davidson na Indian za enzi hizo klachi ilikuwa ya mguu na gia ya mkono, kinyume kabisa na tunavyojua sisi. Kanyagio la klachi ya Harley lilikuwa la mbele na nyuma, na lilibaki pale ulipoliacha, kwa hiyo dereva aliweza kusimama njia panda, gia imeingia, klachi imekatwa, mikono yote miwili huru. Askari wa barabarani wa Marekani waliipenda gia ya mkono, na kiwanda kiliendelea kuwatengenezea hadi miaka ya 1970, muda mrefu baada ya raia kuhamia mguuni.

Mtu aliyefikiriwa hapa ni nusu fundi. Anajua gia inapokaa kwa kuihisi kiganjani, anajua injini inapoomba kupunguziwa, na barabara aliyo nayo ni pana kiasi kwamba kuachia usukani kidogo si hatari kubwa. Alikuwapo kweli mtu huyo. Hakuwa na wenzake wengi.

Kilichobadili mambo ni kifaa kidogo sana. Gia ya mguu yenyewe haikuwa jambo jipya. Alfred Angas Scott, wa Yorkshire, alikuwa ameweka gia mbili za kukanyaga kwa vidole na kisigino tangu mwaka 1908. Kuanzia gia tatu, nne, mguu ulikuwa na tatizo: hauna hisia za kiganja. Ukiupa wenzo unaotakiwa kusimama mahali pa pili kati ya mahali panne, utapitiliza. Mwaka 1928 hivi Harold Willis, mwanamashindano na mhandisi wa Velocette huko Birmingham, alitengeneza utaratibu ambao mguu hauhitaji kujua uko wapi. Ukikanyaga mara moja, gia inahama hatua moja, basi, hata ukanyage kwa hasira. Ukiachia, springi inaurudisha wenzo katikati, tayari kwa hatua inayofuata. Mwaka 1929 Velocette KTT ilikuwa ikiuzwa kwa watu ikiwa na utaratibu huo. Karibu kila gia ya mguu iliyopo duniani leo, kuanzia boda ya Tandika hadi pikipiki za mashindano makubwa, ni wazo hilohilo.

Ukiifungua injini ya boda ukaipasua katikati, utakutana na ngoma ya chuma yenye mifereji iliyopinda. Ndani ya mifereji hupita vichwa vya uma mbili au tatu. Ngoma ikizunguka, mifereji huzipeleka uma huku na huku, na uma huzisukuma gia kwenye shafti zake. Gia zenyewe zimeng'atana muda wote, meno kwa meno. Kinachoingia na kutoka ni meno mengine ya ubavuni, mafupi na manene, yanayoikamata gia ya jirani na kuifungia kwenye shafti. Mguu wako hufanya kazi ya kuizungusha ngoma hatua moja, kama kidole cha mwenye kuvuta tasbihi: punje moja, halafu nyingine, wala hakuna kuruka. Gari linaweza kutolewa ya nne likatiwa ya pili moja kwa moja. Pikipiki haina njia ya mkato. Lazima upite ya tatu, hata kama hukai nayo.

Kuna jambo jingine nalipenda katika ngoma hiyo. Kwenye mpangilio ulioenea zaidi duniani, nyutro haikai mwanzo, inakaa kati ya ya kwanza na ya pili, na hata hapo haikupewa hatua nzima, imepewa nusu. Ndiyo maana mwanafunzi huhangaika kuitafuta kwenye taa za barabarani, anakanyaga inaingia ya kwanza, anainua inaingia ya pili, huku wenye magari wakimpigia honi. Usumbufu huo umewekwa kwa makusudi. Mtu anayepunguza gia haraka kwa sababu lori limemkatia mbele anatakiwa aishie kwenye ya kwanza, injini ikiwa bado imelishika gurudumu, asije akajikuta yuko huru hana nguvu ya kutoka. Mchoraji alimfikiria mtu mwenye hofu, akampangia njia mapema.

Kwa kuwa sasa gia ilikuwa mguuni, likaja swali la mguu gani. Viwanda vya Uingereza vilichagua wa kulia, lakini havikukubaliana katika jambo jingine lolote. Norton Commando ilikuwa na ya kwanza juu na tatu chini. Triumph Bonneville ya kwanza chini na tatu juu. Royal Enfield Bullet, iliyoanza kuundwa Madras mwaka 1955, ilishika ya kwanza juu, mguu wa kulia, na India iliendelea nayo hivyo hadi karne hii. Harley-Davidson yenyewe ilipoingiza gia ya mguu mwaka 1952, pikipiki zake kubwa zilipata gia kushoto na ile ndogo, Model K, ikapata kulia. Kiwanda kimoja, mwaka mmoja. Jawa za Chekoslovakia zilifanya ubahili wa kupendeza: wenzo wa kiki ulikunjwa mbele baada ya kuwasha, ukageuka kuwa wenzo wa gia. Bridgestone, ndiyo, hao wa matairi, waliuza pikipiki ya sentimita za ujazo 175 yenye swichi ya kuchagua kati ya gia tano za kawaida na gia nne za mzunguko, ambazo baada ya ya mwisho unarudi nyutro na kuanza upya. Miaka ya 1960 ilikuwa ya ujasiri.

Ujasiri huo ulivunja watu. Mtu aliyezoea gia kulia akipanda pikipiki ya gia kushoto, siku zote za kawaida ataendesha vizuri, kwa sababu anafikiri. Siku mtoto anapokatiza barabara, kufikiri kunakoma na mguu unafanya unachokijua. Unakanyaga kwa nguvu zote kile ambacho mwili unaamini ni breki, kumbe ni gia. Hoja ya Marekani ilikuwa hiyo. Norton walipitisha shafti kutoka upande mmoja wa injini hadi mwingine ili Commando ya mwaka 1975 ipate wenzo kushoto. Triumph nao wakahamisha. Harley wakaunganisha vyuma kwenye Sportster yao. Ilikuwa kazi ya viraka, na wapenzi wa pikipiki za Kiingereza bado wanainung'unikia. Mimi siwaungi mkono. Uzuri wa mguu wa kulia hauwezi kulipia goti la mtu.

Kanuni hiyo ilihusu pikipiki za kuuzwa Marekani. Kuhusu pikipiki ndogo za kazi, zile ambazo sisi ndio tunaziishi, hadithi ilikuwa imeshaanza kwingine.

Mwaka 1958 Honda walitoa Super Cub C100. Soichiro Honda aliitaka pikipiki ambayo mpeleka tambi za soba mjini Tokyo ataiendesha kwa mkono mmoja huku mwingine umebeba sinia la chakula. Sentensi hiyo moja ilibadili giaboksi nzima. Mkono wa kushoto ukiwa na sinia, hauwezi kuvuta klachi. Basi klachi ya mkono ikaondolewa. Ndani ikawekwa klachi inayojikamata yenyewe injini ikiongeza mzunguko na kujiachia injini ikipoa. Swichi ya taa za kukatia kona ikapelekwa upande wa kulia. Gia zikawa tatu, na wenzo ukapewa ncha mbili, ya vidole mbele na ya kisigino nyuma, ili mguu usihitaji kuinua chochote. Unakanyaga mbele unapanda, unakanyaga nyuma unashuka.

Ujanja mkubwa umo ndani ya wenzo huo. Katika nusu ya kwanza ya safari yake haugusi gia. Unaikata klachi kwanza. Nusu ya pili ndiyo inayozungusha ngoma. Ukiendelea kuubana chini, klachi imekatwa. Ukiuachia taratibu, inashika taratibu. Ukiuachia ghafla, abiria anakupiga kichwa mgongoni. Watu husema Cub ni ya asiyejua kuendesha. Nadhani wanakosea: kazi ya mkono haikufutwa, ilihamishiwa kwenye kifundo cha mguu, na aliyeizoea hupunguza gia penye kona kwa ulaini ambao wenye klachi ya mkono wangeuonea wivu. Honda hizi, C50, C70, C90, zilifika hata kwetu, na watu wazima wanazikumbuka kwa ile ngao nyeupe ya plastiki iliyokinga miguu na matope. Mwaka 2017 idadi ya Super Cub zilizoundwa duniani ilivuka milioni 100. Hakuna chombo kingine chenye injini kilichoundwa kwa wingi huo, na kiini chake ni sinia la tambi.

Ile ncha ya pili ya wenzo, ya kisigino, ndiyo iliyobaki nasi. Pikipiki nyingi za India na China zinazobeba abiria Afrika Mashariki zinayo, ingawa klachi ya mkono imerudi. India iliipenda kwa sababu ya karani anayekwenda ofisini na viatu vya ngozi: wenzo wa kuinua huchubua kiatu juu ya vidole, na baada ya miezi sita kiatu cha kushoto kina alama nyeusi ambayo rangi haiifuti. Huku kwetu karani huyo hayupo kwenye usukani. Yupo kijana aliyevaa ndala. Mtu wa ndala akiinua wenzo kwa dole gumba, anaumia, na akiwa na haraka ndala inabaki njiani. Kisigino kinamwokoa. Hivyo dereva wetu ameingia ndani ya nafasi iliyochongwa kwa ajili ya mtu mwingine, na kwa bahati inamtosha.

Inamtosha mpaka anapoazima pikipiki ya mwenzake.

Maana pikipiki hizi, zenye wenzo unaofanana kabisa kwa macho, hazisemi lugha moja. Kuna zile ambazo madereva huziita za zote mbele: unaanza nyutro, ukikanyaga kwa vidole unapata ya kwanza, ukikanyaga tena ya pili, na hivyo hivyo hadi ya mwisho, kisigino kinakurudisha. Na kuna zile zenye nasaba ya Honda CG125, pikipiki ya miaka ya 1970 ambayo Honda waliibuni kwa ajili ya nchi zenye mafundi wachache na oili isiyobadilishwa kwa wakati, kisha China ikainakili mpaka ikawa ya kila mtu. Nyingi kati ya hizo zinashika utaratibu wa kimataifa: ya kwanza kwa kukanyaga vidole, kisha nyutro, na kuanzia ya pili kwenda juu unatumia kisigino. Kwa hiyo kwenye hii vidole vinapandisha, kwenye ile vidole vinashusha. Wenzo ni uleule, mguu uleule, upande uleule ambao Marekani waliupigania.

Jambo la kawaida kijiweni: kijana anataka kumpeleka abiria wa haraka na yake imepata pancha. Anaomba ya mwenzake. "Braza, gia zako vipi?" "Zote mbele." Maneno mawili, na anaondoka. Asipouliza, atatoka salama akizipapasa gia, atafika spidi sitini akiwa ya tatu, atajisahau, atataka ya nne, atakanyaga kama alivyozoea, na injini itaingizwa ya pili kwa mwendo ambao ya pili haiuwezi. Gurudumu la nyuma linafunga au linateleza, abiria hana kofia, na baadaye watu watasema dereva alikuwa mwendo kasi. Sijaona mahali ambapo ajali ya namna hiyo inaandikwa kwa jina lake. Inaingia katika fungu la uzembe pamoja na mengine.

Lakini hata kabla ya ajali, kuna jambo la kutafakari hapo. Tunasema kuendesha pikipiki ni ujuzi, kana kwamba ni kitu kimoja ambacho mtu anacho au hana. Kinachokaa mguuni ni mazoea ya pikipiki moja, na mazoea hayo hayaulizi jina la kiwanda. Leseni inathibitisha kwamba mtu aliwahi kuendesha. Haisemi mguu wake umejifunza lugha ipi.

Bajaji nayo ina habari yake. Mwaka 1946 Corradino D'Ascanio, mhandisi wa ndege ambaye hakuzipenda pikipiki, aliichorea Piaggio chombo ambacho mtu mwenye suti au sketi angekipanda bila kuchafuka. Gia aliziweka kwenye mshikio wa kushoto: unabana klachi, kisha unauzungusha mshikio wote pamoja na klachi yake, na habari inafika hadi kwenye giaboksi. Hiyo ndiyo Vespa. Bajaj ya India ilizitengeneza kwa leseni, ikatengeneza pia ya magurudumu matatu yenye asili ileile, na mwisho wa mnyororo huo ni dereva wa Mwenge au Sinza anayekunja kiganja cha kushoto mamia ya mara kwa siku kwa namna iliyobuniwa kwa ajili ya Mwitaliano wa suti au sketi baada ya vita. Nyaya zinazounganisha mshikio na giaboksi zikilegea, namba iliyoandikwa kwenye mshikio haiendani tena na gia iliyomo ndani. Mshikio unasema mbili, giaboksi haijui iko wapi. Dereva mzoefu haisomi namba hiyo. Anaongeza nusu kiganja na mambo yanakwenda. Wakati dunia ya pikipiki imeshahamia mguuni, bajaji imeibakiza gia ya mkono hai katikati ya jiji, na watu wanaipanda kila siku bila kuitazama.

Sasa hizi mpya. Wanasiasa wetu hupenda kusema wamebadili gia angani, na watu hucheka, ila fundi wa pikipiki za mchangani atakwambia kwamba gia hubadilika angani vizuri kabisa. Gurudumu likiwa hewani halina mzigo, yale meno ya ubavuni hayasukumani, na gia inaingia laini bila klachi. Kifaa cha kubadili gia haraka kilichomo kwenye pikipiki za kisasa za michezo hufanya jambo hilohilo ardhini. Kitambuzi kwenye wenzo kinahisi mguu unaanza kusukuma, kompyuta inaikata cheche kwa sehemu ndogo ya sekunde, meno yanalegea, gia inaingia, cheche inarudi. Mkono wa kushoto hauna kazi. Kwenye kushuka gia kompyuta inaongeza resi kidogo, kazi ambayo zamani ilikuwa fahari ya dereva hodari.

Honda walikwenda mbele zaidi mwaka 2010 na VFR1200F yenye klachi mbili, moja ya gia za witiri na nyingine za shufwa, kiasi kwamba gia inayofuata imeshaandaliwa kabla hii ya sasa haijaachiwa. Mwaka 2016 wakaiweka kwenye Africa Twin. Jina hilo linatokana na mashindano ya Paris–Dakar, na bei yake haikumlenga mtu anayelipa hesabu ya bosi kila jioni. Mwaka 2024 Yamaha walitoa MT-09 isiyo na klachi ya mkono wala wenzo wa mguu. Gia ni kitufe cha kidole gumba na cha shahada upande wa kushoto. Baada ya karibu miaka tisini na tano tangu Velocette, gia imerudi mkononi, ila safari hii mkono hausukumi chuma chochote. Unatoa ombi, na mota ndogo inatekeleza. Au inakataa, kama ombi ni la kipumbavu: ukiomba ya pili ukiwa mwendo wa ya tano, kompyuta inakunyima.

Kunyimwa huko ndiko ningependa kukuona kukishuka hadi kwenye boda. Hayo mengine, ulaini na haraka, ni starehe ya wenye nafasi. Lakini giaboksi inayojua kusema hapana ingefaa zaidi pale kijiweni kuliko kwenye barabara kuu za Ulaya, na ni kawaida ya teknolojia hizi kwamba kinga huanzia kwa aliye na hatari ndogo.

Pengine haitashuka, kwa sababu gia zenyewe zinaanza kuondoka. Kigali na Nairobi kuna pikipiki za umeme zinazobeba abiria, za kampuni za Ampersand na Roam, na hazina gia wala klachi. Mota ya umeme ina nguvu tangu ikiwa imesimama, kwa hiyo haihitaji kupandishiwa ngazi. Dereva anazungusha mshikio mmoja, basi. Ubishi wote wa juu na chini, kushoto na kulia, vidole na kisigino, umefutwa kwa siku moja. Kinachopotea si kidogo kwa mtu anayeishi milimani. Anayeshuka kutoka Lushoto kwenda Mombo na mzigo wa kabichi anajua kwamba gia ya pili ni breki isiyochemka, na wale wanaozima injini na kuteremka huru ili kubana mafuta wanajua, au watakuja kujua, kwamba breki ya ngoma ikishapata moto haishiki. Mota ya umeme inaweza kupunguza mwendo kwa kuirudisha nguvu kwenye betri, bila kuulizwa. Dereva wake hatajifunza kusikiliza injini. Sioni sababu ya kumlilia. Hakuna anayelilia mkanda wa mwaka 1905.

Hata hivyo pikipiki za petroli zilizopo barabarani leo zitaishi miaka mingi, kwa kuwa hapa kwetu pikipiki haifi mpaka spea ziishe. Kwa hiyo, wewe unayezikodisha, andika mpangilio wa gia kwa rangi nyeupe juu ya tangi, mahali ambapo dereva mpya hawezi kusema hakuona; stika ya kiwandani hubanduka mapema. Wewe unayefundisha, mfundishe mtu mipangilio yote miwili, na umpandishe pikipiki ya kila mpangilio kabla hujamsainia. Na ukiazima pikipiki ya mwenzako, uliza kwanza gia zake, kisha zijaribu zote hadi ya mwisho kwenye uwanja mtupu kabla hujampakia mtu.